Hukumu ya Mwanafunzi Asiyetahiniwa

Mwezi wa Machi mwaka 2020, maradhi ya Korona yalipokwisha kuingia katika kila bara linalokaliwa na watu, serikali nyingi za dunia zilifunga skuli zao takriban kwa wakati mmoja, na katika pilikapilika za kuokoa roho za watu liko suala moja lililowekwa kando, kwani mbele ya maiti na majeneza lilionekana dogo: kijana aliyebakiwa na wiki chache tu aufanye mtihani wake wa mwisho, ule ambao ndio uamuao kama ataingia chuo kikuu au atarejea nyumbani kwa wazee wake, atahukumiwa kwa kipimo gani iwapo mtihani wenyewe haupo? Wale vijana leo ni watu wazima, wengine wana kazi na wengine wana watoto. Walakini suala lenyewe halikupita pamoja na maradhi, kwa maana mafuriko, vita na tauni nyingine hazijatuahidi kwamba zitangoja tumalize ratiba zetu za mitihani, wala sioni kama nchi zetu zimekwisha kulikalia kitako jambo hili na kulitolea kauli iliyo wazi kabla ya balaa jingine kubisha hodi.

Rai yangu nitaieleza mapema ili msomaji ajue ninakompeleka. Mtihani, pamoja na ila zake zote, ni shahidi anayesimama mbele ya kadhi kusema juu ya mtu mmoja aliyetajwa kwa jina lake na nambari yake. Na shahidi huyo akikosekana, kadhi mwadilifu humtafuta shahidi mwingine aliyemwona mtu yule yule, wala hawaulizi majirani habari za watu waliopata kukaa katika nyumba ile miaka mitatu iliyopita. Mwanafunzi ana haki ya kuhukumiwa kwa kazi ya mikono yake mwenyewe, na pale ambapo kazi hiyo haitoshi kuondoa shaka, mzigo wa shaka hiyo uwe juu ya serikali na mabaraza yake, si juu ya kijana wa miaka kumi na minane. Likisemwa hivi jambo hili huonekana jepesi. Lakini Uingereza, nchi ambayo sisi wa Afrika Mashariki tulifanya mitihani yake ya Cambridge kwa miaka mingi na kupokea kwake desturi zetu za kutahini, ilikwenda kinyume cha hayo mbele ya macho ya dunia nzima, na kisa hicho kinastahili kusimuliwa kwa urefu kwa sababu hakikuzaliwa na nia mbaya.

Tarehe 18 Machi 2020 serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba mitihani ya mwaka ule haitafanywa. Idara inayosimamia mitihani, iitwayo Ofqual, ikawataka walimu wafanye mambo mawili kwa kila mwanafunzi na kwa kila somo. La kwanza, waandike daraja ambalo waliamini angelipata lau mtihani ungalifanyika. La pili, wawapange wanafunzi wote wa somo lile katika safu moja tangu wa kwanza hata wa mwisho, bila ya ruhusa ya kuwaweka wawili mahali pamoja. Ningependa msomaji ambaye hajapata kufundisha atue kidogo hapa, aifikiri hali ya mwalimu wa hesabu katika skuli kubwa yenye watahiniwa zaidi ya mia, ameketi nyumbani kwake na daftari la alama mkononi, akijaribu kuamua yupi awe wa thelathini na moja na yupi awe wa thelathini na mbili baina ya wawili anaowapenda sawasawa: mmoja ana bidii ya kila siku lakini hutetemeka akiona karatasi ya mtihani, wa pili hulala darasani mwaka mzima na akili yake huamka siku ya siku. Mwalimu akaandika kwa kukisia, akijipa moyo kwamba tofauti ya nafasi moja haina uzito mkubwa, na kwamba aliloandika juu ya daraja ndilo litakalotazamwa kwanza.

Ilikuwa kinyume kabisa. Katika madarasa makubwa daraja la mwalimu liliwekwa kando, na kilichobaki kwake ni safu tu. Kompyuta ilitiwa kanuni ya hesabu iliyochukua matokeo ya skuli ile ile katika miaka ya 2017, 2018 na 2019, ikayarekebisha kwa kutazama wanafunzi wa sasa walivyofanya katika mitihani yao ya miaka ya nyuma wakilinganishwa na waliowatangulia, kisha ikakata mafungu: wa daraja la juu watakuwa kadha, wa la pili kadha, na walioanguka kadha, na wanafunzi wakamiminwa ndani ya mafungu hayo kwa safu ya mwalimu. Maana yake ni hii. Binti mwenye kipaji cha fizikia aliyesoma katika skuli ambayo kwa miaka mitatu haikutoa hata mmoja wa daraja la juu kabisa, huenda akawa wa kwanza katika safu, na walimu wote wakamshuhudia, na bado fungu la daraja lile likatoka tupu katika skuli yake, kwa kuwa waliomtangulia, watu asiowajua wala kupata kuwaona, hawakulifikia. Na mvulana aliyekuwa wa mwisho katika safu, ambaye mwalimu wake alimwandikia daraja la kufaulu kwa uhakika, aliweza kuangushwa kwa sababu tu kila mwaka katika skuli ile alikuwapo mmoja aliyeanguka, na fungu la walioanguka lilihitaji wa kuliingia.

Tena kulikuwa na jambo jingine ambalo wenye kutunga kanuni hii walilijua na wakalipitisha. Hesabu za namna hii huyumba mno panapokuwa na watu wachache, na kwa hivyo somo lililokuwa na watahiniwa watano au pungufu katika skuli liliachiwa daraja la mwalimu kama lilivyo, na lililokuwa na zaidi kidogo, mpaka kiasi cha kumi na watano, likachanganyiwa la mwalimu na la kompyuta. Kwa mtaalamu wa takwimu hiyo ni tahadhari ya busara. Lakini ni skuli gani zenye wanafunzi wanne wa Kilatini au sita wa muziki? Aghalabu ni skuli za kulipia, za watoto wa wenye nacho. Na vyuo vya umma vya kidato cha sita, vyenye wanafunzi mamia katika kila somo, havikuwa na mlango huo wa kutokea. Matokeo yalipotangazwa tarehe 13 Agosti, wanafunzi wa skuli za binafsi waliopata madaraja mawili ya juu walikuwa wameongezeka kwa pointi 4.7 za asilimia kuliko mwaka uliotangulia. Wa skuli za serikali za kawaida kwa pointi 2. Na wa vile vyuo vya umma kwa pointi 0.3 tu. Kwa jumla, takriban asilimia 39 ya madaraja yaliyopendekezwa na walimu yalishushwa.

Na haikuwa kwamba hawakuonywa. Siku tisa kabla yake, tarehe 4 Agosti, Uskoti ilikuwa imetoa matokeo yake kwa njia inayofanana na hiyo, na madaraja kiasi cha 125,000 yakashushwa. Wanafunzi wa mitaa maskini kabisa wakapunguziwa kiwango cha kufaulu katika mtihani wa Higher, ule wa kuingilia chuo kikuu, kwa pointi 15.2, na wa mitaa ya matajiri kwa pointi 6.9. Waziri Kiongozi Nicola Sturgeon aliomba radhi hadharani, na tarehe 11 serikali yake ikarudisha madaraja ya walimu. Siku mbili baadaye Uingereza ikatangaza ya kwake kama yalivyo. Vijana wakaingia barabarani wakasimama mbele ya Wizara ya Elimu mjini London, na tarehe 17 Agosti serikali ikasalimu amri. Mwenyekiti wa Ofqual aliomba radhi, na mkuu wake wa utendaji, Sally Collier, akajiuzulu wiki iliyofuata. Lakini katika siku zile nne vyuo vikuu vilikuwa vimekwisha kuwapa wengine nafasi, na wako waliorejeshewa daraja lao wakaambiwa waje mwakani.

Nimelitaja hili kwa utuo kwa sababu wengi hulisimulia kama kisa cha mashine iliyoharibika, ilhali mashine haikuharibika. Ilifanya kile kile ilichoamriwa. Iliamriwa ilinde wizani wa taifa, ihakikishe kwamba hesabu ya waliofaulu mwaka 2020 haiachani na ya mwaka 2019, na hilo ililitimiza vizuri sana. Kwa umati wa watu mamia ya maelfu ilikuwa sahihi. Kwa mtu mmoja mmoja ilikuwa bahati nasibu. Ilipojaribiwa juu ya matokeo ya mwaka 2019 yaliyokuwa yakijulikana, katika masomo mengi ilikosea daraja la zaidi ya thuluthi ya wanafunzi. Hakuna baraza la mitihani ambalo lingekubali msahihishaji wa namna hiyo aikaribie meza yake. Na hapa ndipo ninapoona asili ya dhuluma yenyewe: wakubwa waliogopa zaidi kwamba vyeti vya mwaka ule vingeonekana rahisi kuliko walivyoogopa kumnyang'anya mtu haki yake, kana kwamba hadhi ya cheti ni kitu kilicho hai na mwanafunzi ni karatasi.

Wanaotetea kanuni ile wana hoja, na si haki kuzipuuza. Husema kwamba walimu wakiachiwa watawapandisha wanafunzi wao, na kweli waliwapandisha. Mwaka 2019 madaraja mawili ya juu yalikuwa kiasi cha asilimia 25 ya yote. Mwaka 2020, baada ya kurudishwa hukumu ya walimu, yakafika asilimia 38 na zaidi. Na mwaka 2021, mitihani ilipokosekana tena na walimu wakatoa madaraja peke yao, yakakaribia asilimia 45. La kutia uchungu zaidi ni kwamba mwaka huo wa pili skuli za kulipia zilifikia asilimia 70, na skuli za serikali za kawaida kiasi cha 39. Mzazi anayelipa ada kubwa hajui kunyamaza, na mwalimu anayelipwa kwa ada hiyo ana masikio. Kwa hiyo anayedhani kwamba dawa ni kumkabidhi mwalimu kalamu na kumwachia, amehama dhuluma moja akaingia katika nyingine.

Ila na mtihani nao tusiupe utakatifu usio wake. Ofqual hao hao, katika uchunguzi waliouchapisha mwaka 2018, walionyesha kwamba karatasi ya hesabu ikisahihishwa na mtu mwingine ina matumaini ya asilimia 96 ya kupata daraja lile lile ambalo msahihishaji mkuu angelitoa, lakini karatasi ya lugha ya Kiingereza na fasihi yake ina asilimia 52 tu. Sembuse kwetu, ambako msahihishaji hukaa wiki nzima katika chumba chenye joto akipitia insha mia kwa mia. Kipimo tunachokililia kilipokosekana, hata kilipokuwapo kilikuwa na mkono wa kutetemeka.

Nchi zetu hazikutumia kanuni ya kompyuta, na wako waliojisifu kwa hilo. Tanzania ilifunga skuli tarehe 17 Machi 2020, ikawarudisha wanafunzi wa kidato cha sita tarehe 1 Juni, na tarehe 29 mwezi ule ule wakaanza mtihani wao. Kenya ilikwenda njia ndefu zaidi: mwezi wa Julai Waziri wa Elimu, marehemu Profesa George Magoha, alitangaza kwamba mwaka mzima wa masomo umepotea na wote watarudia, baadaye ikaamuliwa kwamba watahiniwa warudi tarehe 12 Oktoba, na mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2020 ukafanywa kuanzia mwishoni mwa Machi 2021. Kila mmoja alihukumiwa kwa karatasi yake mwenyewe, na kwa hilo nazipa nchi hizi heshima yake. Lakini karatasi moja kwa wote si insafu moja kwa wote. Katika miezi ile ya kufungwa, mtoto wa Nairobi mwenye intaneti na mwalimu wa kumfuata nyumbani alikuwa anasonga mbele, na mwenzake wa Mandera au Kwale alikuwa ameambiwa asikilize vipindi vya redio, naye huenda redio ya nyumba ni moja, ina betri zilizokwisha, na baba anataka habari. Yako mambo mazito kuliko hayo: wasichana waliorudi Oktoba wakiwa wajawazito, na wasiorudi kabisa. Wavulana waliopata kazi ya bodaboda au ya baharini wakaonja fedha, na skuli ikawa haina tena la kuwaambia. Karatasi ya mtihani iliwakuta wote hawa ikawauliza maswali yale yale, wala haikuwa na mahali pa kuandika walikotoka.

Basi niseme ninavyoona mimi, kwani kulaumu bila ya kupendekeza ni kazi ya mvivu. Pale mtihani unapowezekana, hata kwa kuchelewa, ufanywe, lakini upimwe juu ya yale yaliyofundishwa kweli na si juu ya silabasi kamili iliyoandikwa kwa mwaka wa amani. Na vyuo vinapochagua wanafunzi vizitazame alama pamoja na mahali zilikopatikana, ili mtoto wa wilaya iliyokaa miezi saba bila ya mwalimu asishindanishwe na wa mjini kana kwamba walianza mbio mstari mmoja. Pale mtihani usipowezekana, ikusanywe kazi aliyoifanya mwanafunzi: majaribio ya muhula, mitihani ya moko, insha, madaftari ya maabara. Mwalimu wake atoe daraja, na mwalimu wa skuli nyingine, asiyemjua mtoto wala mzazi wake, azisome kazi za baadhi yao kwa kuchagua bila ya mpango. Akiona skuli inapandisha, madaftari ya skuli ile yasomwe yote. Daraja lisishushwe na mtu wala mashine ila kwa kusoma kazi yenyewe ya mwenye daraja, na anayeshushwa aonyeshwe mahali alipopungukiwa, apewe nafasi ya kukata rufaa yeye binafsi bila ya ada.

Na shaka ikibaki baada ya yote hayo, aipate mwanafunzi. Najua wako watakaostuka hapa wakisema kwamba tutajaza vyuo vikuu kwa watu wasiostahili. Historia ina jibu lake. Mwaka 1968 Ufaransa ilitikisika kwa maandamano na migomo, na mtihani wa kumaliza sekondari wa mwaka ule, uitwao baccalauréat, ukafanywa kwa mdomo tu, kwa siku moja, na watahini waliokuwa wakarimu kuliko kawaida; waliofaulu wakapanda kutoka takriban asilimia 60 ya mwaka uliotangulia wakapita asilimia 80. Wachumi wawili, Eric Maurin na Sandra McNally, walikwenda baadaye kuwatafuta watu wale katika takwimu za kazi na mishahara, na katika utafiti waliouchapisha mwaka 2008 wakaonyesha kwamba waliopenya kwa ukarimu wa mwaka ule, ambao katika mwaka mwingine wangeachwa nje ya mlango, walisoma miaka mingi zaidi, wakapata mishahara mizuri zaidi kuliko wenzao wa miaka ya jirani, na hata watoto wao waliendelea vyema katika masomo. Mlango ulipanuliwa kidogo kwa sababu ya msukosuko, na walioingia wakathibitisha kwamba waliweza.

Wala si lazima twende Ufaransa kutafuta mafunzo. Watanzania wanakumbuka matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, ambamo takriban watahiniwa sita katika kila kumi waliangukia daraja la sifuri, mpaka Waziri Mkuu Mizengo Pinda akaunda tume, na mwezi wa Mei 2013 serikali ikayafuta matokeo yale na kuamuru yapangwe upya kwa utaratibu uliokuwa ukitumika awali, kwa kuwa ule wa kupanga madaraja ulikuwa umebadilishwa. Hapakuwa na maradhi mwaka ule, wala skuli hazikufungwa. Kalamu ya ofisini ilitosha kuhamisha maelfu kutoka upande mmoja wa maisha hadi wa pili. Na ni Tanzania hiyo hiyo ambayo baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974 juu ya elimu iliamua kwamba kazi ya mwanafunzi ya kila siku ihesabiwe nusu ya hukumu yake, uamuzi ambao naona ulikuwa wa hekima kubwa, na ambao laiti ungalitunzwa kwa uaminifu wake wa mwanzo, kila skuli ingalikuwa na kabati lenye ushahidi wa kila mtoto siku ile ya Machi 2020 milango ilipofungwa.

Kenya sasa imeanza kulijenga kabati hilo. Katika mtaala wake mpya, mwanafunzi anayemaliza gredi ya 9 hahukumiwi kwa mtihani wa mwisho peke yake: mtihani huo una asilimia 60, wa gredi ya 6 una asilimia 20, na kazi za darasani za gredi ya 7 na ya 8 zina asilimia 20, ambazo alama zake hupelekwa kwa Baraza la Mitihani mwaka hata mwaka. Likija balaa katikati ya muhula, asilimia 40 ya mtoto yule iko salama kwa jina lake. Kilichobaki ni mambo mawili yasiyohitaji fedha nyingi. Walimu wa skuli moja wawe na desturi ya kusoma kazi za skuli nyingine kila mwaka, ili siku ya dharura isiwakute wageni wa jambo hilo. Na Baraza, kama ndugu zake wa Dar es Salaam, Kampala na Zanzibar, liandike katika kanuni zake, leo ambapo hakuna anayeumwa, kwamba matokeo ya skuli ya miaka iliyopita hayatatumika kamwe kumshusha mtahiniwa aliye hai.